Huduma ya kufukia majivu ya makaa ya mawe kwenye mashimo ya moramu, Dodoma: kubeba wanajua, shimo hawajalipima

Tipa mbili za magurudumu kumi, kijiko kimoja, boza la lita 10,000, rola la tani 10 na vijana saba. Hivyo ndivyo huduma hii inavyofika kwenye geti la kiwanda. Wanazoa majivu ya bwela (tanuri la mvuke la kiwanda), wanayapeleka kwenye shimo la moramu lililoachwa na wajenzi wa barabara nje kidogo ya jiji, wanayashindilia, wanafunika kwa udongo, kisha wanakukabidhi hati ya mzigo yenye uzito wa kila safari. Kwa kiwanda kinachochoma makaa ya migodi ya Ngaka au Kiwira na kilichozoea kurundika majivu nyuma ya ukuta mpaka jirani alalamike, hiyo ni nafuu kubwa. Jina la mtoa huduma hatulitaji. Mtindo huu unaweza kuigwa na yeyote mwenye tipa, na tunachotaka kijulikane ni namna ya kuukagua.

Alama zetu ni hizi: kubeba, nne kwa tano. Kushindilia, tatu. Kifuniko, mbili. Uchaguzi wa shimo, moja. Hiyo moja ya mwisho ndiyo inayotufanya tusiipendekeze huduma hii kama ilivyo leo, hata kama hizo nyingine zingekuwa tano tupu.

Tuanze na kinachofanyika vizuri. Majivu yanalowanishwa kabla ya kupakiwa, si baada. Majivu mepesi, yale yanayonaswa kwenye kichujio cha moshi, ni laini kuliko unga wa sembe, na ndani yake kuna silika inayoharibu mapafu. Ukiyamwaga makavu kwenye tipa wakati wa upepo wa Agosti, vumbi linafika mtaa wa tatu. Kiasi sahihi cha maji ni kama asilimia 20 ya uzito, maana yake tani 10 za majivu makavu zinataka lita 2,000. Boza moja linatosha tipa tano. Vijana wao wanapima kwa mkono, na kipimo hicho ni kizuri ukikijua: chukua konzi ya majivu, ikaze, ifungue. Yakibaki donge na kiganja hakijalowa, yako sawa. Yakipukutika katikati ya vidole, ongeza maji. Maji yakichuruzika kwenye kifundo cha mkono, umezidisha, na rola halitaweza kuyashindilia. Turubai linafungwa mpaka chini ya ubavu wa tipa, si juu juu tu. Barakoa wanavaa, ingawa ni zile za kitambaa ambazo kwa silika hazisaidii kitu. Zinahitajika za kuchuja vumbi laini, zinazokaza puani.

Alama moja ya kubeba tumeipunguza kwa sababu ya majivu ya moto. Bwela dogo la kulisha makaa kwa mnyororo halichomi kaboni yote, na vipande vikubwa vinavyodondoka chini ya wavu huonekana vimezimika huku katikati vinawaka. Vikifukiwa hivyo vinaendelea kufuka ndani kwa siku nyingi, na moto huo ukifikia majivu yenye kaboni nyingi, unapata tundu lisiloonekana juu ambalo rola au mtu anaweza kuzamia. Majivu ya chini yatandazwe kiwandani, yamwagiwe maji, yakae saa 24, yachimbuliwe kwa koleo sehemu tatu nne ndipo yapakiwe. Hawa wanapakia siku hiyo hiyo.

Kushindilia kunakwenda kwa tabaka za sentimita 30 ambazo rola likipita mara nne mpaka sita hushuka mpaka kama 22. Hapo hakuna ubishi. Tatizo lao ni mtetemo wa rola. Majivu yaliyozidi maji ukiyatetemesha hugeuka uji: uso unaenda mawimbi mbele ya ngoma, dereva anadhani ameshindilia, kesho yake anakuta maji yamepanda juu na chini pamelegea. Dawa ni kuzima mtetemo na kusubiri jua la nusu siku, jambo ambalo Dodoma halina gharama. Pia uso ukikauka kabisa ngoma laini huumenya kama maganda, kwa hiyo boza lipite kidogo kabla ya tabaka linalofuata. Vipimo vya ushindiliaji havifanyiki kabisa. Maabara yoyote ya udongo ya ujenzi inaweza kupima kwa njia ya kawaida ya kubadilisha mchanga (kuchimba kishimo na kukijaza mchanga unaojulikana uzito), na lengo la asilimia 95 ya uzito wa Proctor, yaani ule wa juu unaopatikana maabara, ni la kawaida kwa fundi yeyote wa barabara. Kipimo kimoja kwa kila tabaka kingetosha.

Sasa shimo.

Maelezo wanayowapa wateja yanasema huduma inafuata "njia ya Marekani" ya kujaza majivu kwenye mashimo ya migodi ya makaa. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Ni kweli Marekani, hasa Pennsylvania, majivu mengi yamerudishwa kwenye mashimo ya migodi ya juu ya ardhi. Sheria yao ya mwaka 1977 ya migodi ya aina hiyo inamtaka mchimbaji arudishe ardhi karibu na umbo lake la awali, na majivu yanasaidia kujaza pengo. Zaidi ya hapo, miamba ya makaa mara nyingi ina pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo ikikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoua mito. Majivu yenye chokaa hupunguza makali ya asidi hiyo. Hapo majivu yana kazi ya kufanya.

Shimo la moramu la Dodoma halina asidi ya kutulizwa. Faida kubwa ya njia ya Marekani haipo hapa, iliyobaki ni nafasi tupu tu ya kujaza. Na hata kule penye faida, mwaka 2006 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilikubali kwamba kujaza migodi kunawezekana, kwa masharti: majivu yachunguzwe, eneo lichunguzwe, na yawekwe mbali na maji ya chini ya ardhi. Kanuni kuu ya nchi hiyo kuhusu majivu ya makaa, ya mwaka 2015, iliyaacha nje majivu yanayowekwa kwenye migodi ya makaa. Kwa hiyo anayesema "Marekani wanafanya" ajue anataja sehemu ambayo kanuni yao kali zaidi haiigusi.

Mfano unaofanana na wetu kuliko wote si wa mgodi wa makaa. Ni wa Gambrills, jimbo la Maryland, ambako majivu mepesi ya mitambo ya umeme yalimwagwa kuanzia 1995 kwenye mashimo ya zamani ya mchanga na changarawe, bila kitandiko chochote chini. Mchanga unapitisha maji haraka. Visima vya nyumba za jirani vilichafuka, na mwaka 2007 jimbo lilitoza faini ya dola milioni moja. Shimo la kokoto, hakuna kitandiko, visima jirani. Msomaji wa Dodoma hahitaji kuambiwa zaidi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Majivu yamebeba vitu vyote ambavyo makaa yalikuwa navyo na moto haukuviondoa, vikiwa vimejikusanya: aseniki, seleniamu, boroni, molibdenamu, salfeti. Watu husema majivu yana chokaa, chokaa inakamata sumu. Inakamata baadhi. Shaba na chuma hutulia maji yakiwa na chokaa kiasi, lakini aseniki, seleniamu na molibdenamu katika maji ya namna hiyo huweza kutembea vizuri zaidi. Boroni ndiyo hutangulia kufika kisimani, na ndiyo maana ni kipimo kizuri cha kwanza. Mvua inayopita juu kwa juu inaosha kidogo. Majivu yanayolala ndani ya maji, yakiinuka na kushuka kila mwaka, yanaoshwa kama nguo kwenye beseni.

Na hapo ndipo Dodoma inapomdanganya mtu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa mwaka si zaidi sana ya milimita 600. Mwezi Septemba kila shimo la moramu ni kavu, vumbi linapaa, mkaguzi anashuka na viatu vya ngozi. Mwezi Februari shimo lile lile ni lambo, ng'ombe wanakunywa na watoto wanaogelea. Chini ya moramu mara nyingi kuna granaiti iliyooza au tabaka gumu la mfinyanzi, na maji ya mvua hukaa juu yake kwa miezi. Watoa huduma hawa walikagua shimo lao Septemba.

Huhitaji mtaalamu wa mbali kulijua hilo. Shuka shimoni na jembe, kwangua ukuta wa upande wa chini karibu na sakafu, sentimita kumi kuelekea ndani. Udongo ukiwa mwekundu au wa kahawia mfululizo, ni dalili njema. Ukikuta kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu kama ya chui, hapo maji hulala kila mwaka, kwa sababu chuma cha udongo kimekosa hewa na kupauka. Kwenye shimo hili madoa yanaanza mita moja na robo juu ya sakafu. Kuna nyayo za kwato zilizokaukia kwenye matope na mstari wa ukungu mweupe wa chumvi kuzunguka ukuta, kimo cha goti. Ule mstari ni alama ya maji ya masika yaliyopita, umejichora wenyewe.

Kipimo cha uhakika kinataka uvumilivu, si fedha nyingi. Toboa mashimo matatu ya mkono yanayoshuka mita 3 chini ya sakafu, au mpaka mwamba. Ingiza bomba la plastiki la milimita 50 lililokatwa nyufa upande wa chini, zungushia mchanga mkavu, ziba juu kwa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiingie pembeni. Pima kina cha maji kila wiki kuanzia Januari mpaka Mei. Chukua kimo cha juu kabisa ulichokiona, ongeza mita 1.5, na hapo ndipo majivu ya kwanza yanaruhusiwa kuanza. Hiyo mita moja na nusu ndiyo kanuni ya Marekani ya 2015 inavyotaka kwa majalala mapya ya majivu juu ya maji ya ardhini. Shimo likishindwa kipimo hicho, jaza kwanza moramu safi iliyoshindiliwa mpaka kimo hicho kifike, au tafuta shimo jingine. Mashimo ya moramu hayajaadimika.

Pia angalia maji yanaelekea wapi. Jiji hili limekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa vizazi, na shimo lolote lililo kwenye mteremko wa kuelekea huko lisijadiliwe hata kidogo. Korongo la msimu lisikuhadae kwa ukavu wake, kwa kuwa watu huchimba visima vya mkono ndani ya mchanga wake na kuchota ndoo kwa ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka eneo la kinga la mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sisi tungetaka mara kadhaa ya hapo kwa majivu.

Suala la ukubwa nalo halijafikiriwa. Kiwanda kinachochoma tani 10 za makaa kwa siku, makaa yenye majivu asilimia 20, kinatoa tani 2 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni tani 600, ambazo zikishindiliwa vizuri hukaa kwenye mita za ujazo kama 500. Shimo lao lina urefu wa mita 60, upana 40 na kina 4. Ukitoa miteremko ya kingo na unene wa kifuniko zinabaki kama mita za ujazo 7,000. Kiwanda kimoja kingelijaza kwa miaka 14. Maana yake ni masika kumi na nne, majivu yakiwa wazi yote yanyeshewe. Viwanda vitatu vikishirikiana, bado ni karibu masika matano.

Suluhisho ni kugawa shimo kwa vyumba. Chumba cha mita 15 kwa 12, kina cha mita 3, kinachukua mita za ujazo 540, mzigo wa mwaka mmoja wa kiwanda hicho. Chimba na kitandike Mei, jaza mpaka Oktoba, funika Novemba kabla ya mvua za kwanza. Majivu ya miezi ya mvua yakae kiwandani kwenye banda lenye sakafu ya zege na paa la bati. Kuzunguka shimo lote kuwe na tuta na mtaro wa kuyapeleka maji ya mteremko pembeni. Hawa wana tuta upande mmoja tu, upande wa barabara, pale mgeni anapoona.

Kitandiko hakipo. Kanuni ile ile ya Marekani inataka sentimita 60 za mfinyanzi ulioshindiliwa na juu yake karatasi ngumu ya plastiki, ambayo ikiwa ya aina ngumu ya kawaida (HDPE) unene wake ni angalau milimita 1.5, iliyounganishwa kwa joto na kupimwa kila kiungo. Kwa mzigo mdogo tunakubali inaweza kuonekana ghali. Lakini chumba cha mita 15 kwa 12 ni eneo dogo. Ukihesabu na kuta, ni mita za mraba 340 hivi, bila upotevu wa kukata. Si gharama ya kukimbia.

Kifuniko ndicho kilichotushughulisha zaidi, kwa sababu hapa nia ni njema na kosa ni la kitaalamu. Wanafunika kwa nusu mita ya udongo mweusi wa mbuga, wakisema mfinyanzi haupitishi maji. Ukiwa mbichi, kweli. Lakini udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba na hukauka ukasinyaa, na kiangazi chetu ni cha miezi saba. Mwezi Oktoba simama juu ya kifuniko chao: nyufa zinaingia kiganja kizima, ukitumbukiza fimbo inashuka mpaka majivu. Mvua ya kwanza ya Desemba, ile nzito ya saa moja, inaingia moja kwa moja kabla udongo haujavimba na kujifunga. Mchwa nao wanatoboa njia zao, na kwenye kichuguu kipya pembeni chembe za majivu zimeshaonekana juu.

Utaratibu unaofaa hapa ni kuuweka mfinyanzi chini na kuukinga usikauke. Sentimita 45 za mfinyanzi mwekundu usiovimba sana, ulioshindiliwa ukiwa na unyevu, kwa tabaka tatu. Juu yake sentimita 20 za kokoto ndogo, ambazo zinazuia unyevu kunyonywa juu na pia zinawasumbua mchwa. Juu kabisa sentimita 60 za udongo wa kichanga wenye rutuba. Uso uinuke katikati, mteremko wa sentimita 4 kwa kila mita, kwa kuwa tabaka za chini zitashuka, na penye bakuli maji hukaa. Panda nyasi za malisho za asili kabla ya mvua, zungushia miiba miaka miwili. Migunga ing'olewe ikiwa michanga, mizizi yake inashuka kuliko kifuniko chochote. Na mifugo isiachwe kwenye miteremko: pale maji ya majivu yanapojitokeza na kukauka hubaki ukoko mweupe, na ng'ombe huulamba wakidhani ni magadi.

Visima vya kupimia havipo, na mtoa huduma anasema mteja akitaka atachimba. Vinatakiwa vinne kwa uchache, kimoja upande wa juu wa shimo na vitatu upande wa chini. Sampuli za mwanzo zichukuliwe kabla tipa la kwanza halijamwaga. Hili kwa Dodoma na Singida ni la lazima kuliko kwingine, kwa sababu maji yetu ya ardhini kiasili yana floraidi, chumvi na maeneo mengine naitreti kwa wingi. Bila kipimo cha awali, siku jirani akilalamika hakuna atakayeweza kuthibitisha kilichotoka shimoni na kilichokuwepo tangu enzi za mababu, na atakayeumia ni jirani. Pima pH, upitishaji umeme, boroni, salfeti, aseniki, seleniamu na molibdenamu. Marekani wanataka sampuli nane za awali na ufuatiliaji wa miaka 30 baada ya kufunga. Mkataba wa huduma hii unaisha siku rola linapoondoka.

Kabla ya kusaini, dai cheti cha mazingira cha shimo lenyewe, si leseni ya biashara ya usafirishaji. Tulionyeshwa ya pili tulipoomba ya kwanza. Dai kibali cha kubeba taka cha taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira (NEMC), maandishi ya bodi ya bonde la maji, na muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa unaotamka neno majivu. Muhtasari wa kijiji chao unasema "kufukia shimo", na wazee waliosaini walidhani ni udongo.

Kama majivu yako yana kaboni kidogo, uliza viwanda vya saruji na wafyatuaji wa matofali kabla ya kuwaza shimo. Kipimo ni rahisi: kausha sampuli, ipime, ichome kwenye tanuri la maabara, ipime tena. Upungufu usiozidi asilimia 6 ndio kiwango kinachotumika sana kwa majivu ya kuchanganya na saruji. Bwela dogo lisilorekebishwa mara nyingi linavuka hapo, na kurekebisha hewa ya bwela kunakuletea faida mbili, majivu yanayouzika na makaa machache kwa siku.

Kwa sasa, wakodi kwa kubeba tu, kutoka kiwandani hadi kwenye banda lako lenye paa. Mwambie mwenye kampuni aweke yale mabomba matatu ya milimita 50 kabla ya Krismasi, na mrudi shimoni pamoja mwezi Machi na kamba ya kupimia.